Mto Uko Njiani

Mimi ni mwoga, na sisemi hivyo ili nisifiwe unyenyekevu. Naogopa radi, naogopa mbwa wa watu, naogopa simu inayolia kabla sijanywa chai ya asubuhi. Jirani zangu wa soko la Kibuye hapa Kisumu, ninapouza vitambaa vya kufunikia viti, wanaijua tabia yangu: wingu likisogea tu juu ya ziwa, mimi nishaanza kufunika mali kwa nailoni, nao wanaanza kunicheka. Huwa nawajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Nimejikinga na methali hiyo miaka mingi. Sikujua kwamba iko siku kicheko chenyewe kingekaribia kutuletea kilio.

Kuna mtu mmoja ambaye niliogopa kwa ajili yake kuliko wote, naye ni mama mkwe wangu. Anaishi peke yake huko chini ya Katito, kwenye tambarare, na ukisimama mlangoni pake unaiona miti ya kando ya mto. Mume wangu ndiye mtoto wake wa pekee aliye hai, na anafanya kazi za ujenzi nchi za watu, simu yake unaipata kwa bahati. Kwa hiyo mama ni wangu. Kila mvua ndefu zikikaribia namsihi aje akae nasi huku mjini, Nyalenda, chumba chetu ni kidogo na si kikavu sana lakini angalau hakijapakana na mto. Jibu lake ni lile lile.

"Mimi sitoki. Mzee amelala hapa."

Mzee ni baba mkwe, na kaburi lake liko kando ya nyumba, hatua chache kutoka jikoni. Mjane wa huku haachi boma lake hivi hivi kwa sababu mbingu imenuna. Chifu alishamwambia, mwanawe alishamwambia, redio inamwambia kila mwaka. Yeye huizima redio akaenda kukamua ng'ombe.

Mimi ni Mkikuyu na yeye ni Mjaluo, na katikati yetu tuna Kiswahili tu, changu cha shule na sokoni, chake cha enzi alipokuwa akiuza samaki wakavu kwa wachuuzi wa mbali. Kijaluo nilikijaribu mara moja, juma lile nililoletwa nyumbani. Nilikuwa nimekariri salamu ya asubuhi mpaka nikaiota. Nikaingia jikoni, wanawake wamejaa, nikasema "Oyawole" mahali pa "Oyawore". Unaujua ulimi wetu Wakikuyu na hizo herufi mbili, r na l. Walicheka hadi mmoja akaweka sufuria chini asiimwage. Hawakuwa na ubaya wowote, lakini mimi niliona mwili wote unawaka, nikajiapiza kwamba ulimi wangu hautarudi huko. Tangu siku hiyo nasikia Kijaluo, naelewa, najibu kwa Kiswahili. Watoto wangu wanakizungumza kutwa. Mimi, wapi. Mama alizoea, akawa ananiita nyar Okuyu, yaani binti wa Wakikuyu, na anavyolisema ni kama jina la nyumbani.

Sasa mwaka huo nyonga yake ilianza kumsumbua. Nilipomtembelea baada ya Krismasi nilimwona anavyokaa kwenye kile kiti chake cha mbao pale mlangoni, ameegemea upande mmoja, kila mara anabadilisha, na hasemi kitu. Nikaamua nimtengenezee mto wa kukalia. Si ule wa kushonwa chapuchapu kwa cherehani ninaowauzia watu. Huu ningeutarizi kwa mkono wangu, na juu yake ningemwekea ng'ombe wake, yule mweusi mwenye paji jeupe, ambaye mama humsemesha kuliko anavyosemesha binadamu. Sikumwambia. Zawadi ukiitangaza imeshakuwa ahadi, na ahadi inaniogopesha.

Nilimpiga ng'ombe picha kwa simu bila mtu kuniona, nikamchora kwa penseli kwenye kitambaa kizito cheupe, nikaanza kibandani kila nikipata nafasi kati ya mteja na mteja. Mwili wa ng'ombe niliujaza kwa mshono wa mnyororo, mstari kwa mstari, uzi mweusi ukawa unaniishia kila siku. Kazi ya sindano inakutolea siri yako. Mkono ukiogopa hukaza uzi, wala hujui kama umekaza, unashtukia tu kitambaa kimejikunja kama kimenyauka. Mvua zilinikuta kwenye pembe. Redio ya jirani ilikuwa ikitaja mafuriko kila asubuhi, watu wa wapi wamelala barabarani, shule gani imezama, nami nikisikia tu mkono unavuta. Ile pembe niliifumua nikaishona tena, nikaifumua, na bado haikunyooka. Uso wa ng'ombe ulitoka vizuri kwa sababu juma lile jua liliwaka.

Na hapa lazima nieleze jambo, ama sivyo mtu atadhani nilikuwa mjinga. Mimi huogopa kwa Kikuyu. Kitu kinachonitisha hukiita kimoyomoyo kwa lugha niliyofundishwa nayo kuogopa. Ule mto wa maji, kichwani mwangu, haukuitwa mto. Uliitwa rũĩ. Redioni waliuita mafuriko, na sokoni watu waliuita maji tu: maji yamefika wapi, maji yamerudi. Neno mto, kwa wiki zote zile, lilikuwa na kitu kimoja tu ndani yake, na kitu hicho kilikuwa mapajani mwangu.

Nilipomaliza niliujaza kwa vipande vya mapazia, nikaushindilia vizuri, nikaufunga mdomo kwa mshono wa siri. Jirani yangu kibandani ni mama mmoja auzaye vitunguu, mwenyeji wa Katito, mtu mkubwa wa sauti na wa moyo. Alikuwa anarudi kwao mchana huo, nikamkabidhi mfuko wenye ule mto, bila kumwambia kilichomo. Kisha furaha ikanipanda kichwani. Nikatoa simu nikamwandikia mama: "Mama, mto uko njiani. Utafika leo jioni. Jiandae."

Nilimaanisha ajiandae kufurahi. Nikairudisha simu mfukoni, nikaendelea na wateja wangu, nikitabasamu peke yangu.

Jioni wingu zito lilikuwa limeshuka juu ya ziwa na nilikuwa nakunja vitambaa wakati mama wa vitunguu aliponipigia.

"Niko hapa kwa mama yako," akasema. "Hakuna mtu."

"Hakuna mtu vipi?"

"Nyumba imefungwa. Kuku hakuna, ng'ombe hakuna. Hata sufuria hazipo. Kwani amehama?"

Nikakaa juu ya gunia la mtu. Mama hatoki nje ya boma baada ya saa kumi, nyonga haimruhusu. Nilimwambia asikate, nikachukua simu ya jirani mwingine nikampigia mama. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Niliyoyaona kichwani dakika zile sitayaandika. Wezi niliwaona. Maji niliyaona. Nikamwomba mama wa vitunguu aangalie chini kule kama kuna kitu, akaniambia kumetulia, kila kitu kiko mahali pake, ila manyunyu yameanza. Nami, katika kuchanganyikiwa kwangu, nikakumbuka mfuko.

"Basi mto usiuache nje," nikamwambia. "Utalowa."

"Mto ulowe?" akauliza polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

Hapo ndipo niliposikia nilichokuwa nimeandika. Niliisoma tena ile meseji, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa limegeuka. Uko njiani. Utafika leo jioni. Jiandae.

Mama wa vitunguu aliwakuta shuleni, ile shule ya msingi iliyo juu, karibu na barabara ya lami. Mama alikuwa amekaa darasani kwenye dawati la watoto, ng'ombe amefungwa kwenye mlingoti wa bendera, na majirani wa upande ule wote wamejazana na magodoro na vitoto vyao, kwa sababu walipomwona mama anatoka hawakuuliza zaidi. Mwanamke ambaye hakumsikiliza chifu wala mwanawe alikuwa amesoma maneno yangu, akavaa viatu, akafunga nyumba. Baadaye nilimuuliza kwa nini mimi. Akanijibu bila hata kufikiri.

"Redio inaongeanga na watu wote. Wewe uliniandikia mimi."

Jioni ile mama wa vitunguu alifungua mfuko mbele yao wote akamtoa yule ng'ombe. Kicheko nilichokisikia kwenye simu kilikuwa cha darasa zima. Kisha sauti ya mama, inakohoa kwa kucheka.

"Nyar Okuyu, mto umefika. Ni mdogo, lakini umefika."

Nililia kwa shukrani, halafu kwa aibu, halafu nikacheka pia. Nilipoenda kumwona Jumapili, alikuwa ameukalia pale mlangoni. Alisimama akautoa, akaupapasa kwa vidole kama anavyopapasa mahindi kuona kama yamekauka. Alipofika kwenye pembe ya ng'ombe vidole vikasimama.

"Hapa uliogopa nini?"

"Niliogopa kwa ajili yako, Mama."

"Unaogopanga sana," akasema, akauweka mto chini na kuukalia tena. Nilimwona amekaa sawasawa, pande zote mbili, na hayo yalikuwa malipo yangu.

Hadithi haikuishia hapo, maana watu wa huku hawaachi utani uharibike. Katito nzima ilijua. Nikishuka pale watu ambao siwajui wananiuliza kama mto umefika salama. Kibuye wakaniita mama wa mto. Mzee mmoja, fundi wa viti, akanunua vitambaa vyangu na kuniambia nisimtumie ujumbe, ana shida ya magoti na hawezi kukimbia. Nilicheka nao. Ningefanya nini? Lakini nikirudi nyumbani kicheko kilikuwa kinakwisha.

Kwa sababu nilikijua nilichokipoteza. Duniani kulikuwa na neno moja la kumtoa mama katika nyumba ile, nalo lilikuwa neno langu, na nilikuwa nimelitumia kwa mto wa kukalia. Mvua zilikuwa bado hazijaisha. Mto wa kweli ukija, nitamwambia nini? Nililala na swali hilo na kuamka nalo. Nilikuwa nikikaa kushona, uzi unakaza, nafumua, unakaza. Ikafika mahali nikaacha kabisa kushona nikabaki kuuza vilivyokuwepo.

Mto wenyewe ulikuja siku ya jua. Hilo ndilo watu wasiokaa tambarare hawalielewi: mvua haikunyeshei wewe, inanyesha kule milimani, na maji yake yanakuja kukutafuta wewe umeanika nguo. Mchana ule anga ya Kisumu ilikuwa safi kabisa, ziwa limelala. Mama wa vitunguu alikuwa hajaja sokoni. Akanipigia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na ile sauti yake kubwa.

"Niko darajani," akasema. "Maji yana rangi ya chai, yanabeba miti mizima. Kingo za juu zimepasuka, watu wa huko wanakimbia. Nimempigia mama yako."

"Amesemaje?"

"Amenicheka. Ameniambia, mwambie huyo nyar Okuyu, mto wake nimeukalia."

Nikampigia mama. Simu iliita, ikaita, ikaita, halafu akapokea, na nyuma yake nikasikia kuku wanadonoa na utulivu wa mchana, ule utulivu mbaya.

"Mama, toka. Toka sasa hivi. Mto unakuja."

"Mwingine?" akasema. "Na huu wa kwanza haujachakaa."

"Mama, sikutanii. Mto wenyewe. Maji. Kingo zimepasuka juu huko."

"Maji gani? Jua hii yote? Nimeanika mtama." Kisha sauti yake ikalainika, akawa ananibembeleza mimi, mtoto mwoga. "Kunywa chai, mama. Siku ile nilikalisha watu wazima kwa dawati za watoto. Wananicheka mpaka kanisani. Sasa nitoke tena, na jua inawaka?"

"Watakucheka ukiwa mzima, Mama."

"Sitoki. Mzee hata yeye angecheka."

Nilimwambia mafuriko. Nilimwambia nakuomba. Nilimwambia mwanao akinirudia ataniuliza nilikuwa wapi. Kila neno la Kiswahili nililokuwa nalo nililitoa, na kila moja lilimfikia likiwa limevaa kile kicheko. Nilikuwa nimesimama katikati ya kibanda, wateja wananitazama. Nikajua kwamba nitamsikia mama yangu akifa huku akinibembeleza. Nilijua hivyo kabisa, kama ninavyojua jina langu.

Sikuamua kusema nilichosema. Kilitoka chenyewe.

"Aola biro," nikasema. "Mama, aola biro. Aola biro."

Mto unakuja. Maneno mawili tu ya Kijaluo, ambayo hata mtoto wa miaka mitatu huko kwao anayajua. Nilikuwa nimeolewa miaka yote ile na hakuwahi kusikia neno la lugha yake likitoka kinywani mwangu baada ya ile asubuhi ya jikoni.

Kuku wakaendelea kudonoa. Kisha nikasikia kiti kinakwaruza sakafu, na simu ikakatika.

Nilipiga, haikupokewa. Nikapiga, ikaita mpaka ikakata yenyewe. Baadaye ikawa haipatikani kabisa. Mama wa vitunguu naye hakupatikana. Nilikaa juu ya gunia lile lile. Jirani mmoja aliniletea maji ya kunywa, mwingine akafunika vitambaa vyangu kwa nailoni ingawa hapakuwa na wingu, kwa sababu hakujua kingine cha kunifanyia. Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke. Niliishika sindano, nikaichoma kwenye kipande cha kitambaa, nikavuta, uzi ukakatika. Nikatia uzi mwingine, ukakatika. Niliomba Mungu kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, na sijui kama sikuomba kwa Kijaluo pia.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea ziwani simu ilipolia. Namba siijui. Sikuweza kuipokea. Jirani ndiye aliyebonyeza akaniwekea sikioni.

"Nyar Okuyu."

"Mama. Uko wapi?"

"Shule. Hii simu ni ya mwalimu, yangu imeanguka kwa maji." Alikuwa anahema. "Ng'ombe iko. Kuku nimeacha. Mtama imeenda."

"Na wengine?"

"Wote wako. Niliwapitia mlango kwa mlango. Wakauliza, ni nyar Okuyu tena? Nikawaambia ndiyo, lakini leo amesema kwa Kijaluo. Wakatoka."

Nilitaka kumuuliza nyumba, nikaogopa. Nilitaka kumuuliza kaburi la Mzee, nikaogopa zaidi. Nikajikuta nauliza kitu cha kipuuzi kabisa.

"Na mto, Mama?"

"Upi?" akasema. "Ule wa maji uko kwangu, umefika dirishani. Huu wako nimeukalia."

Basi nikalia, kilio cha watu wazima, sokoni, mbele ya wateja. Mama alinisubiri. Nyuma yake nilisikia watoto, ng'ombe, watu wanaitana majina kuhesabiana. Niliponyamaza akasafisha koo.

"Lakini wewe, nani alikufundisha kusema aola? Ni aora."

"Aora," nikasema.

"Tena."

"Aora."

"Sasa hiyo ndiyo," akasema. "Lakini hata ile aola yako nilisikia."